Kapu la Stigler: mlo wa bei ya chini ulivyokokotolewa

Mwaka 1945 mchumi wa Marekani George Stigler alichapisha makala juu ya swali ambalo kila mwenye familia hulijibu sokoni bila kalamu: kwa uchache kabisa, pesa kiasi gani zinatosha kumlisha mtu mzima mwili wake usipungukiwe? Kwa bei za Agosti 1939, alipata dola 39.93 kwa mwaka, karibu senti 11 kwa siku. Kapu lenyewe lilikuwa na vitu vitano: unga wa ngano kilo 168, maharage meupe makavu kilo 129, kabichi kilo 50, spinachi kilo 10 na makopo 57 ya maziwa mazito.

Hakumshauri mtu ale hivyo, na alilisema hilo waziwazi. Shabaha yake ilikuwa milo ya "gharama nafuu" ambayo wataalamu wa lishe wa wakati ule walikuwa wakiipendekeza. Ilikuwa ghali kupita sana mahitaji ya mwili, kwa kuwa ladha na mazoea ya mezani vilikuwa vimechanganywa humo bila kutajwa, kisha mchanganyiko wote ukaitwa sayansi.

Njia aliyoitumia ndiyo inayonivutia kuliko jibu. Alianza na vyakula 77 na mahitaji tisa ya kila siku ya mwanamume wa kilo 70: kalori, protini, kalsiamu, chuma, vitamini A na C, na vitamini tatu za kundi B. Sisi tumezoea kuuliza kilo ya kitu fulani ina nini. Stigler aliuliza dola moja ya kitu hicho inanunua nini. Swali likigeuzwa hivyo, orodha yote hupangika upya: kitu cha bei ya juu kwa kilo chaweza kuwa rahisi kwa kirutubisho, na cha bei ya chini kikawa hasara.

Kisha akapunguza. Chakula kilichoshindwa na kingine katika safu zote tisa za virutubisho, dola kwa dola, hakikuwa na sababu ya kubaki. Kwa kanuni hiyo peke yake vyakula 77 vilishuka hadi 15. Vilivyobaki alivipanga na kuvipangua kwa kukisia, maana hapakuwa bado na njia ya kihisabati ya kuthibitisha kwamba kapu fulani ndilo la chini kuliko yote.

Njia ilipatikana miaka miwili baadaye. Mwaka 1947 mwanahisabati George Dantzig alibuni mbinu ya simpleksi, na jaribio lake la kwanza kubwa likawa tatizo hili hili la Stigler. Jack Laderman aliwasimamia makarani tisa wenye mashine za kukokotoa za mezani, na kazi ikala siku 120 za mtu mmoja. Jibu lilikuwa dola 39.69. Mchumi mwenye penseli alikuwa amekosea kwa senti 24 tu kwa mwaka mzima. Katika kapu la Laderman maziwa ya kopo yalitoka, na nafasi yake ikachukuliwa na maini ya ng'ombe kidogo.

Sasa kagua kapu hilo kirutubisho kwa kirutubisho, maana ndiko kuliko na somo la mfuko mdogo. Kalori zinafika kiwango kamili bila ziada, na ndivyo ilivyo kwa kalsiamu, vitamini A, vitamini C na riboflavini, yaani vitamini B2. Protini imepita mara mbili ya kiwango: gramu 147 pale palipotakiwa 70. Chuma kimepita mara tano. Hakuna aliyekusudia ziada hiyo. Imekuja bure pamoja na unga na maharage. Fedha zilizobaki baada ya kushiba zimekwenda kutafuta kalsiamu na vitamini.

Kwa watu tuliolelewa tukiamini kwamba mlo wa maskini ni mbovu kwa sababu hauna nyama, hili halimezeki upesi. Nyumba nyingi hubana wiki nzima zipate nusu kilo ya nyama Jumapili, na mboga za majani zinahesabiwa kuwa kitoweo cha waliokwama. Hesabu inasema kinyume: penye dona na maharage ya kutosha, protini huwa imeshapatikana kwa sehemu kubwa, na shilingi inayofuata hufanya kazi zaidi ikinunua mchicha, matembele, kisamvu au viazi lishe vya rangi ya chungwa. Viazi hivyo viliwapatia watafiti wake, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, kwa sababu hiyo hiyo ya vitamini A.

Lakini hesabu huona safu ilizopewa tu. Vitamini B12 ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, kwa hiyo Stigler asingeweza kuiweka. Unga, maharage na kabichi havina hata chembe yake. Kapu la Laderman liliokolewa na yale maini. Safu ya chuma nayo inadanganya kidogo. Chuma cha maharage na majani hufyonzwa kwa shida, chai ikinywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi, na ndimu au nyanya mbichi pembeni ya sahani hukisaidia. Gramu za kwenye karatasi si zote zinazoingia kwenye damu.

Hapo ndipo ninapoirudishia nyama heshima yake, ingawa ningeanza na dagaa. Kwa kilo, dagaa wakavu huonekana ghali kuliko maharage. Kwa swali la Stigler, wanajaza safu nyingi kwa mpigo: wanaliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo kalsiamu ipo, wana protini bora, na wana B12 ambayo bustani yote haina. Kiganja kimoja kikitiwa kwenye sufuria ya mchicha wenye mafuta kidogo, na mafuta ndiyo yanayousaidia mwili kupokea vitamini A, kinabadilisha hesabu ya mlo mzima.

Dantzig mwenyewe aliwahi kunaswa na safu zilizokosekana. Miaka ya 1950 daktari alimwambia apunguze uzito, naye akaiandikia kompyuta imtafutie mlo wa kumshibisha, shibe ikipimwa kwa uzito wa chakula ukitoa maji yaliyomo. Kompyuta ikamwagiza siki, galoni 500. Alipoifuta siki, ikamwandikia vipande 200 vya mchuzi mkavu kwa siku. Mkewe, Anne, ndiye aliyempangia chakula mwishowe.

Safu ambayo kwetu ingeliangusha kapu la Stigler siku ya kwanza ni mkaa. Maharage makavu yanataka saa kadhaa jikoni, na mwenye kununua mkaa kwa kopo hulipia kila saa. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yake kunapunguza muda, na kupika ya siku mbili kwa moto mmoja kunapunguza zaidi. Kuna pia bei ya kununua kidogo kidogo: mafuta ya kupimiwa kijiko na sukari ya robo huwa ghali kwa kilo kuliko vya tajiri anayenunua gunia. Stigler alitumia bei moja kwa wote.

Kanuni yake ya kuondoa, hata hivyo, inafaa kutumiwa leo hii dukani, na mahali pa kuanzia ni pakiti ya unga wa lishe. Nyingi hujisifia wingi wa nafaka: mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, pamoja na karanga. Ziweke kwenye jedwali. Mchele, ngano na mtama hufanya karibu kazi ile ile ya mahindi, na mara nyingi kwa bei ya juu, kwa hiyo zinatoka. Ulezi unabaki, kwa sababu una kalsiamu kuliko nafaka zote hizo. Karanga zina kazi yao, lakini zikisagwa na kukaa wiki kadhaa kwenye joto mafuta yake huchacha, kwa hiyo afadhali zisagwe kidogo kidogo na kutiwa kwenye uji unapoiva. Kinachobaki ni mahindi yasiyokobolewa na ulezi, karanga za leo, unga wa dagaa kwa mtoto aliyeanza kula, na tunda la msimu. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, kwa kuwa tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo na maji hayamlishi.