Ufundi wa Kuaga

Ujiji inajulikana dunia nzima kwa sababu ya salamu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alimkuta hapo Mskochi David Livingstone akamwamkia kwa swali la adabu ambalo watu wanalifanyia mzaha mpaka leo. Mahali pale pana mnara na makumbusho. Mtalii hufika, hupiga picha, hulirudia swali lile, hucheka, akaenda zake.

Kuagana kwa watu hao wawili hakujajengewa mnara Ujiji. Walikaa pamoja kama miezi minne. Walipanda mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, Mto Ruzizi unapoingilia, kisha wakasafiri hadi Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Tarehe 14 Machi 1872 Stanley alishika njia ya pwani. Livingstone, mzee aliyekwisha kudhoofu, hakumuagia mlangoni. Alitoka naye, akatembea naye kipande cha njia, mpaka mgeni mwenyewe akamsihi arudi. Mwaka uliofuata alifariki Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, bila wao kuonana tena. Mimi naona ni hapo, kuliko pale penye salamu, ndipo Mskochi yule alipodhihirisha kwamba ameishi na watu. Kuamkia hata mpita njia anaweza. Kuaga kuna ufundi wake, na fundi hajulikani mpaka aondoke.

Ukitaka kuuona ufundi huo, kaa barazani jioni kwa watu wa Rusimbi, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, umtazame mgeni anayetaka kwenda. Hasimami. Kwanza anajiweka sawa kwenye mkeka, anavuta khanga begani, anasema kwa sauti ya chini, “Haya bwana.” Hakuna anayemjibu, maana wote wanajua hiyo ni hodi ya kutokea. Hadithi inaendelea, pengine yeye mwenyewe anaanzisha nyingine. Baada ya kitambo anaongeza sauti: “Haya jamani, ngoja niwaache.” Sasa mwenyeji hana budi kukataa.

“Mbona mapema hivyo? Chai iko jikoni.”

“Nimeshakaa, dada. Leo nimepita tu, siku nyingine nitakuja kushinda.”

Huenda chai haijabandikwa. Mgeni analijua hilo, na mwenyeji anajua kwamba mgeni analijua. Wala si uongo. Mmoja anasema hakuchoshwa na mwenzake, mwingine anasema hakutosheka, na yote mawili yanasemwa bila kumtia mtu haya. Zinafuata salamu za nyumbani, ambazo hujibiwa “zimefika” hata kabla hazijatoka barazani. Mwenyeji anaingia ndani, anatoka na dagaa kwenye mfuko au mawese kwenye chupa ya maji, na mgeni anakataa mara moja tu, maana kukataa mara mbili kunaudhi. Ndipo wanapoinuka wote wawili.

Kusindikiza nako kuna kipimo. Ukiishia mlangoni, umemfukuza. Ukifika naye kwake, itambidi akurudishe, na usiku utawakuta njiani mkisindikizana. Kipimo chema ni kona, au pale njia inapogawanyika. Hapo watu husimama, na hapo, mara nyingi sana, ndipo linapotoka neno lililomleta mgeni: pesa ya kukopa, mtoto anayeumwa, posa inayosuasua. Barazani palikuwa na masikio mengi. Kona haina mkeka, hakuna anayetazamia kukaa, kwa hiyo neno zito hupata upenyo. Asiyesindikiza wageni wake hawezi kujua mambo mangapi hayakuwahi kuambiwa nyumba yake.

Kisha kuna kupima uzito. Kijana hawezi kumuaga bibi kizee kama anavyowaaga wenziwe wa kijiweni. Kwa bibi anaomba: “Bibi, naomba nikuage.” Halafu anangoja, kwa kuwa ruhusa ni ya bibi kutoa. “Haya mwanangu, Mungu akutangulie. Msalimie mama yako.” Akifika kijiweni anatupa “baadaye” bila hata kugeuza shingo, anarudishiwa “poa”, na adabu imetimia kote kuwili. Jaribu kubadilisha. Mwambie jirani wa ukuta mmoja “kwaheri” kwa sauti kamili, usikie atakavyokuuliza: “Kwani unasafiri?”

Hayo hayampati Mswahili peke yake. Anayejifunza Kihispania hukutana mapema na *adiós*, akadhani ameshapata ufunguo wa kila mlango. Akifika Madrid atasikia mteja akitoka dukani na kumwambia mwenye duka *hasta luego*, yaani baadaye, hata kama hana mpango wa kurudi. Marafiki wataachana kwa *nos vemos* au *chao*, na anayekupenda ataongeza *cuídate*, ujitunze. Hiyo *adiós* ipo, tena watu wanaopishana barabarani bila kusimama huweza kurushiana. Lakini ukiwapa rafiki zako uliokunywa nao kahawa, kwa uso mzito, watakuangalia kama jirani yule wa Rusimbi. Kamusi itakupa maneno. Uzani wake utaupata kwa kutazama watu wanavyoinuka vitini.

Kigoma ingeweza kuwa chuo cha somo hili. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914 na hapa ndipo inapokoma. Kila behewa linaloondoka linamwacha mtu kwenye jukwaa. Ziwani ipo Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipandevipande, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Katika vituo vyake vingi kusini mwa ziwa hapakuwa na gati. Abiria walishuka kwenye mitumbwi iliyoifuata meli, na watu waliagana kwa kupiga kelele juu ya maji, huku mzigo ukishushwa kwa kamba. Hizo ni safari, na safari ina maneno yake makubwa. Sokoni ni jambo jingine: mama muuza dagaa humwachia Mrundi *n'agasaga*, humwambia Mkongo “tutaonana” na “ubaki muzuri”, humuaga Muha kwa Kiha, wote ndani ya robo saa. Sarufi za lugha hizo hajawahi kuzisoma. Alianza na maneno ya kuondokea kwa sababu hayo ndiyo yanayomrudisha mteja.

Thamani ya maneno haya mepesi huonekana pale yanapokosekana. Mwaka 2015 Warundi kwa maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, na Liemba ikawa inawachukua kuwaleta Kigoma, ambako walipokewa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi hiyo ilikuwapo tangu 1996, ilipofunguliwa kwa ajili ya Wakongo. Anayekimbia hapati nafasi ya kusema “haya jamani”. Hakuna wa kumkatalia, hakuna kona, hakuna salamu za kupeleka. Amani, ukiitazama kwa karibu, ni pamoja na kuwa na muda wa kuaga vibaya na kurudia kesho vizuri zaidi.

Ndiyo maana sioni ubaya wa lawama moja inayosikika sana mitaani kwetu: “Jana uliondoka bila kuaga!” Husemwa kwa kununa, kidole kikiwa hewani. Aliyelaumiwa huanza kujitetea, eti alipigiwa simu, eti aliona mmeshughulika. Asijitetee sana. Waliokuchoka hawahesabu dakika uliyotoka.