Rumantsch Grischun: Sanifu Isiyo na Kwao

Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma habari za Kiromanshi, lugha ya jimbo la Graubünden nchini Uswisi, huvutwa haraka upande wa Heinrich Schmid. Lugha hii ina lahaja tano zenye maandishi, na wasemaji wake ni takriban 60,000 tu. Mwaka 1982 mwanaisimu huyo, kwa ombi la jumuiya ya Lia Rumantscha, alitoa kanuni za lugha sanifu iliyoitwa Rumantsch Grischun. Mimi pia nilianza upande huo, lakini nimehama.

Schmid alilinganisha lahaja tatu, Sursilvan, Surmiran na Vallader, akachagua umbo lenye wengi. Usiku ni "notg" katika mbili za kwanza na "not" katika Vallader. Basi "notg" ikashinda. Hesabu hiyo ni ya haki, ila imezaa lugha isiyo ya kijiji chochote. Hapo inatofautiana na Kiswahili sanifu. Usanifishaji wetu uliegemea Kiunguja, lahaja hai. Wenye Kimvita walikuwa na haki ya kunung'unika, lakini aliyejifunza sanifu bara aliweza kwenda Unguja akakuta watu wa kuzungumza nao.

Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa kuiunda bali kuipeleka darasani. Katika nyaraka za serikali, umbo moja hupunguza gharama na kuipa nguvu hadhi ambayo Kiromanshi kilipewa kikatiba mwaka 1996. Lakini baadhi ya shule zilipoanza kuifundishia mwaka 2007, upinzani ulizuka, na nyingi zikarudia lahaja zao. Sidhani kwamba wazazi wale walikuwa wakaidi tu. Walitetea maandishi ya kale: Jachiam Bifrun alichapisha Agano Jipya kwa lahaja ya Puter mwaka 1560.

Watetezi wa Schmid watasema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru hapa ni Kijerumani. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, takriban kila Mromanshi anajua Kijerumani. Mtoto akiambiwa shuleni kwamba maneno ya bibi yake si sanifu, halazimiki kujifunza "notg". Kijerumani anacho tayari. Sanifu iliyokusudiwa kumfungia mlango kunguru inaweza kumfungulia dirisha.