Mita Mbili kwa Mwaka

LAGEOS, setilaiti iliyorushwa na Marekani mwezi Mei 1976, haina kamera wala injini. Ni tufe zito la metali, upana wake sentimita 60, lililojaa vioo 426 vinavyorudisha mwanga kulekule ulikotoka. Kituo kama kile cha Matera, Italia, hufyatua mwale mfupi wa leza. Chembe chache za mwanga hurejea kwenye darubini, na muda wa safari hutoa umbali kwa usahihi wa milimita.

Mwaka 1918, Josef Lense na Hans Thirring walionyesha kwamba, ikiwa Einstein alisema kweli, Dunia inapojizungusha huburuta nafasi na wakati vilivyoizunguka. Mburuto huo huisogeza obiti ya LAGEOS kuelekea mashariki karibu mita 2 kwa mwaka. Lakini Dunia imetuna kwenye ikweta, na kutuna huko peke yake huisogeza obiti hiyohiyo kilomita 27,000 hivi kwa mwaka.

Utazipataje mita 2 humo? Mwaka 2004 watafiti Ignazio Ciufolini na Erricos Pavlis walizitafuta kwa LAGEOS na setilaiti pacha wake, LAGEOS 2, wakisaidiwa na ramani ya mvutano wa Dunia iliyotokana na setilaiti za GRACE. Walipata jibu linaloafikiana na Einstein, wakikadiria kosa la asilimia 10. Wapo waliolihoji kadirio hilo, na walikuwa na haki: kipimo kisichohojiwa hakijakomaa.

Kinachonivutia zaidi ni wazo alilolitoa Ciufolini tangu miaka ya 1980. Obiti ya LAGEOS imeinama nyuzi 109.8 kutoka ikweta. Weka nyingine kimo kilekile, iiname nyuzi 70.2. Kutuna kwa Dunia kutaisukuma moja mashariki na nyingine magharibi, kwa kiasi kilekile; mburuto utazipeleka zote mbili mashariki. Jumlisha: kutuna kunajifuta, mburuto unabaki. Uzuri ulioje! Hulazimiki tena kujua kila tundu na kila kilima cha mvutano wa Dunia.

Wazo hilo lilingoja hadi tarehe 13 Julai 2022, setilaiti hiyo ya pili, LARES 2, iliporushwa kutoka Kourou. Hata sasa halijamaliza kazi. Kujaa na kupwa kwa bahari nako huyumbisha obiti hizi, na obiti ya LAGEOS huchukua karibu miaka 3 kukamilisha duru moja ya msogeo wake, hivyo vipimo vya mwaka mmoja havitoshi. Vituo vinaendelea kufyatua leza, mchana na usiku, kila mawingu yanaporuhusu.