Macho kwa Asiye na Mpira

Mpira ukichezwa Thika mwezi wa Julai, katika baridi ile ambayo Wakikuyu huiita gathano, watazamaji wa kando ya uwanja hugeuza shingo zote pamoja kuufuata. Kocha ninayemsimulia hapa, mtu wa makamo anayenoa timu ya daraja la chini, hutazama kwingine. Mpira uko kwa winga wa kulia. Macho yake yako kwa kijana wa kushoto, ambaye kwa sekunde tatu zijazo hana kazi yoyote. Anataka kuona atazitumiaje.

Zamani ligi yetu ilianza Februari ikaisha Novemba. Siku hizi huanza Agosti au Septemba na kuvuka mwaka, kwa hiyo Julai ndio mwezi wa kuchagua. Kipa hujulikana mapema. Mabeki, kocha akiwa na bahati, wamerudi wote. Kinachomnyima usingizi ni safu ya mbele, kwa sababu kila kijana anayekuja kwenye majaribio anasema yeye ni straika. Wanashuka matatu kutoka Juja, Kihunguro na Kimbo. Wengine wametoka zamu ya usiku kiwandani, viatu vya kuchezea vimefungwa kamba na kuning'inia begani.

"Nilifunga mabao ishirini kwa tonamenti ya mtaa, kocha."

"Nani alikuwa anakupa pasi?"

Wengi huduwaa hapo. Anayetaja jina la mtu huandikwa daftarini. Anayesema alikuwa akijitafutia mwenyewe naye huandikwa, ila ukurasa mwingine.

Daftari lenyewe ni la kawaida la shule. Nilipoomba kulitazama nilitarajia hesabu ya mabao, na sikuikuta. Nilikuta vijistari mbele ya kila jina, na kila kimoja ni mbio ambayo mchezaji aliikimbia bila kupewa mpira. Mshambuliaji hukimbilia nafasi mara nyingi kuliko anavyopewa, na katika majaribio, ambako kila mtu anataka aonekane yeye, hupewa mara chache zaidi. Mbio ya kwanza asipopewa, anainua mkono. Ya pili anapiga kelele. Ya tatu anasimama, mikono kiunoni, na kumwambia kiungo maneno ambayo mama yake asingependa kuyasikia. Kocha anangoja ya nne. Kijana akiikimbia kwa kasi ileile ya kwanza, kistari chake huwekewa duara, kwa sababu kufikia ya nne beki amekwisha kuchoka kumfuata, na hapo ndipo bao hupatikana.

Nilimwona siku moja akitumia karibu asubuhi nzima kwa zoezi la krosi peke yake. Mpira unatoka kulia, washambuliaji wawili wanaingia boksi, mmoja nguzo ya karibu, mwingine ya mbali. Kwangu mimi lilikuwa zoezi la kupiga kichwa. Kwake lilikuwa zoezi la kuchelewa. Anayefika mapema hukuta mpira bado uko njiani. Inambidi asimame, na akisimama beki amempata. Anayetakiwa ni yule anayevumilia nyuma ya bega la beki, asipoonekana, hadi beki ageuze kichwa kuutafuta mpira. Kugeuka huko ndiyo ishara. Hatua mbili za ghafla, na mguso mmoja unatosha. Vijana wepesi sana mara nyingi hushindwa zoezi hili. Wamezoea kuwapita watu kwa mbio, hawajawahi kuhitaji subira. Mmoja, fundi wa magurudumu ambaye mbio zake si za kutisha, alifika kwa wakati wake kila mara, asubuhi nzima, na nusu ya watazamaji hawakumtambua.

Halafu linakuja jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Kocha huyu hachagui washambuliaji watatu bora, anachagua watatu wanaofaana. Anawaweka viungo walewale nyuma, mabeki walewale mbele yao, na kubadilisha mtu mmoja tu wa safu ya mbele kila baada ya dakika kumi na tano, ili lolote likibadilika ajue limetokana na nani. Winga wa kulia anayetumia mguu wa kushoto huingia ndani kupiga shuti. Vizuri, lakini akiingia anakuta namba tisa ameshasimama pale pale. Basi namba tisa anayemfaa ni yule anayependa kutoka, anayevuta beki wa kati hadi pembeni na kumwachia mwenzake nafasi. Huyo namba tisa atafunga mabao machache na mashabiki watamzomea ifikapo Oktoba. Kocha anajua hilo Julai, na bado anamwandika.

Kuna waliokwisha kuonyesha hesabu hii kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2015 mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Kenya alikuwa Jesse Were wa Tusker, mabao 22. Ubingwa ulikwenda Gor Mahia ya kocha Frank Nuttall, na waliuchukua bila kushindwa mechi hata moja. Mbele walikuwa na Michael Olunga, aliyefunga 19, na Meddie Kagere, mwenye kifua cha kuzuia mpira na kuwachosha mabeki wawili kwa wakati mmoja. Ukimpeleka Were katika safu hiyo sina hakika kama ungepata kitu bora zaidi. Nadhani ungepata watu wawili wanaotaka mpira uleule.

Olunga ana historia ya karibu zaidi na hapa. Mwaka 2014, kabla ya Gor, Tusker ilimtoa kwa mkopo kwenda Thika United, klabu iliyodhaminiwa na kampuni ya maziwa ya Brookside yenye makao yake Ruiru. Klabu hiyo ilishuka daraja mwaka 2018, na mwaka 2020 kijana aliyepita kwake alifunga mabao 28 akiwa Kashiwa Reysol na kutangazwa mchezaji bora wa ligi ya Japani. Kocha wangu hapendi sana kuulizwa kumhusu. Tangu hapo, anasema, kila mzazi mwenye mtoto mrefu anayetumia mguu wa kushoto anamletea akiamini kazi imekwisha. Watu hukumbuka urefu. Yeye anakumbuka jinsi Olunga anavyokimbia kwa kupinda, akianzia upande asioutazama beki, ili asiotee.

Hata uwanja huingia katika hesabu. Timu ya daraja la chini haichezi kwenye zulia. Kuna viwanja vya Ruiru ambavyo wakati wa kiangazi mpira hudunda kama umepigwa kwenye lami, na pasi ya chini hufika gotini. Huko anahitajika mtu wa kuutuliza kwa kifua. Msimu hupitia mvua za vuli, halafu masika ya Machi hadi Mei, na udongo mweusi ukilowa, winga mwenye chenga nyingi huzama nazo. Kwa hiyo yeye huchagua safu ya Septemba na, kimoyomoyo, safu ya Aprili. Sheria ya kubadilisha wachezaji watano, iliyoanza kama hatua ya muda mwaka 2020 na kufanywa ya kudumu 2022, imempa raha asiyoificha. Kabla yake, anasema, ulichagua watu wa kuanza ukaomba Mungu. Sasa unaweza kuchagua pia watu wa kumalizia: wanaokuja dakika ya sitini na tano, mabeki wakiwa tayari wamekimbizwa na wale wa kwanza hadi miguu ikawa mizito.

Thika si mji mgeni kwa safu zilizochaguliwa vizuri. Thika Queens walitwaa ubingwa wa ligi ya wanawake msimu wa 2020/21, na nimewahi kusikia wanaume wazima kando ya uwanja huu wakibishana juu ya mbio za washambuliaji wao kwa undani ambao hawautumii wakizungumzia timu zao wenyewe.

Siku ya kusoma majina, kocha hakuyabandika ukutani. Aliwaita mmoja mmoja. Yule mwenye mabao ishirini hakuanza. Aliambiwa ataingia akimpokea fundi wa magurudumu, na akaelezwa ni beki gani atakuwa amemchosha kwa niaba yake. Alisikiliza, akakuna kichwa, akauliza kama mfungaji huhesabiwa hata akiingia kipindi cha pili. Mimi ningemwanzisha, na nilimwambia kocha hivyo. Alinipa daftari, akaniambia nimtafutie duara lake. Nilifungua kurasa zote mbili zenye jina lake, na vistari vilikuwa vingi.

"Tatu," kocha alisema. "Huwa anakomea ya tatu. Tuna hadi Septemba."