Udadisi kama Karama: Mbiti, Wakamba na Swali la Wakati Ujao

Orodha ya karama za Roho katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 12, haimtaji mdadisi. Kiswahili nacho humtazama kwa macho mawili: husema kuuliza si ujinga, kisha huonya kwamba ukimchunguza sana bata hutamla. Hofu hiyo ni ya kale katika Kanisa. Augustino, Mwafrika wa Thagaste, katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake, aliihesabu hamu ya kujua kwa ajili ya kujua tu kuwa tamaa ya macho. Hata hivyo, Matendo ya Mitume 17:11 huwasifu watu wa Beroya kwa kuyapima mahubiri ya Paulo kwa maandiko, na Biblia ya Kiswahili ya Union (1952) imewaita “waungwana”. Neno hilo lina uzito wake. Katika Kiswahili cha pwani, muungwana alikuwa kinyume cha mtumwa. Kwa uteuzi huo wa neno, mwenye kupima alisikialo amewekwa katika daraja la watu huru.

Ukambani umetoa mfano mkubwa wa uungwana huo. John Samuel Mbiti (1931–2019), mzaliwa wa Kitui, alilelewa katika eneo la Africa Inland Mission, iliyoanza kazi Ukambani mwaka 1895. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya mafundisho ya siku za mwisho, aliuliza swali ambalo wahubiri hawakuwa wameliuliza: msikilizaji wa Kikamba aliambiwa habari za mbingu, moto na marejeo ya Kristo, je, alisikia nini hasa? Swali hili halikutokana na uhaba wa imani. Lilitokana na kumheshimu msikilizaji, na hapo ndipo udadisi unapostahili kuitwa karama, kwa maana karama hutolewa kwa kufaidiana.

Lakini karama nayo hupimwa. Katika African Religions and Philosophy (1969), Mbiti alipanga jedwali la njeo za Kikamba na Kigikuyu, akaona kwamba njeo za wakati ujao hazifiki mbali. Kutokana na hayo akahitimisha kwamba, katika fikra za jadi za Kiafrika, wakati ujao haukuzidi miaka miwili hivi. Wakati wenyewe akaugawa kwa maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Hapa mwanafunzi wa lugha hana budi kusita. Kiswahili kina kiambishi kimoja, -ta-, kwa tendo la kesho na kwa tendo la baada ya miaka elfu. Hakuna aliyedai kwamba Mswahili hawezi kutofautisha hayo mawili. Njeo ni chombo cha sarufi. Haitoshi kuwa kipimo cha mawazo yote ya msemaji.

Ushahidi mwingine umo mashambani. Kathiani, katika nchi ya milima ya Iveti kaskazini ya mji wa Machakos, mkulima apandaye mbuni husubiri miaka mitatu hivi kabla ya kuvuna. Achimbaye matuta ya “fanya juu” hutupa udongo upande wa juu wa mtaro, akijua kwamba shamba litasawazika baada ya miaka kadhaa ya mvua. Kweli, kahawa si zao la jadi, na Mbiti mwenyewe alikiri kwamba dini mpya na elimu vilikuwa vikifungua upeo mpya wa wakati. Hata hivyo, mkulima huyo huyapanga hayo kwa Kikamba. Lugha isiyoweza kubeba miaka mitatu isingemwezesha kuafikiana na jirani yake juu ya mtaro upitao mpakani. Kwame Gyekye, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alimpinga Mbiti kwa ushahidi wa Kiakan. Ila hoja ya Kathiani ni ya karibu zaidi, kwa sababu hutoka katika lugha ile ile iliyotumiwa kujenga dai.

Kasoro ya Mbiti, basi, si kuuliza kupita kiasi. Ni kuacha kuuliza mapema, yaani kulichukua jibu la jedwali kuwa jibu la watu, kisha kulivika bara zima. Jambo la kuheshimiwa ni kwamba hakuiacha lugha hiyo. Mwaka 2014 ilichapishwa tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya mwenyewe kutoka Kiyunani. Mfasiri wa Ufunuo hawezi kuukwepa wakati ujao wa mbali. Kila aya humlazimisha kuutafutia usemi katika lugha ile ile ambayo nadharia iliihesabu kuwa haina nafasi yake.

Kazi hiyo yawaachia wanaisimu wajibu ulio wazi. Mahubiri ya Kathiani yatolewayo kwa lahaja ya Machakos, pamoja na mazungumzo ya wazee juu ya mashamba na urithi wa watoto, yafaa yakusanywe na kulinganishwa na tafsiri hiyo ya mwana wa Kitui. Ndipo itakapojulikana jinsi Mkamba anavyoutaja wakati ujao wa mbali akiwa mezani pa fasiri, madhabahuni na shambani.