Uzi wa Sufi

Picha ya Cinema Paradiso, aliyoitunga Giuseppe Tornatore wa Italia mwaka 1988, yatuhadithia kijiji kimoja cha kisiwa cha Sicily na jumba lake la sinema penye uwanja. Padre apiga kengele kila wahusika wabusianapo, na Alfredo, mwendesha mashine, hupakata vipande hivyo. Mtoto Salvatore yu kando yake, ajifunza kazi. Usiku mmoja watu wengi wamekosa nafasi. Basi Alfredo aigeuza nuru ya mashine, na picha yatokea katika ukuta wa nyumba ng'ambo ya uwanja. Mara filamu zawaka moto, naye apofuka. Hapo twamsifu mtungaji pasipo shaka.

Lakini baadaye Alfredo amwamuru kijana aondoke, asirudi wala asiandike barua; naye atii miaka 30. Mtungaji aiona hiyo kuwa hekima. Sisi hatukubali. Salvatore aja kumzika mzee, atazama jumba likibomolewa lipatikane egesho la magari, nasi twatakiwa tulilie jumba! Na mama je? Aliye na mwana mjini na aangalie siku ile ya kurudi: mama yu chumbani akifuma, asikia mlango, ainuka mbio, uzi wamfuata ngazini, na kazi yote yafumuka.