Mifupa ya Yekaterinburg: jinsi familia ya mfalme ilivyotambuliwa

Mwaka 1991 mifupa ya watu tisa ilifukuliwa karibu na Yekaterinburg, Urusi. Ilidhaniwa kuwa ya Mfalme Nicholas wa Pili, mkewe Alexandra, mabinti wao watatu, daktari na watumishi watatu, waliopigwa risasi Julai 1918. Mifupa iliyokaa ardhini zaidi ya miaka 70 hubakiwa na DNA kidogo, tena iliyokatikakatika. Wanasayansi Peter Gill wa Uingereza na Pavel Ivanov wa Urusi ilibidi waizidishe kwanza maabarani. Kisha wakafanya jambo linaloipa kazi yao uzito: hawakukiachia kipimo kimoja kiseme yote.

Kwanza, je, hawa ni familia? Katika DNA ya kiini cha seli kuna sehemu ambapo herufi chache hujirudia mara kadhaa, na idadi ya marudio hutofautiana baina ya watu. Mtoto hurithi idadi moja kwa baba, nyingine kwa mama. Sehemu tano zilitosha kuwaonyesha baba, mama na mabinti watatu. Wanne waliobaki hawakuwa na undugu nao. Familia imepatikana, lakini familia ipi?

Hapo waliigeukia DNA ya mitokondria, anayoipata mtoto kwa mama pekee. Kila seli ina nakala zake nyingi, ndiyo maana hupatikana hata kwenye mifupa mikongwe. Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, alikuwa mjukuu wa dada yake Alexandra, kupitia kwa mama yake. Alitoa damu, nayo ikalingana kabisa na ya mama na mabinti wale.

Kwa mfalme kukazuka utata. Alilinganishwa na jamaa wawili wa ukoo wa mama yake, na yote yakaafikiana isipokuwa nafasi ya 16169: wao walikuwa na herufi T, yeye alikuwa na C na T kwa pamoja. Wenye shaka walisema sampuli imechafuliwa na DNA ya mtu mwingine, na shaka hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa uchafu wa aina hiyo ndio adui mkubwa wa mifupa ya kale. Kulikuwa na njia moja tu ya kuimaliza. Mwaka 1994 kaburi la Georgij, mdogo wake mfalme aliyefariki 1899, lilifunguliwa. Mifupa yake ilikuwa na mchanganyiko uleule, C na T, mahali palepale. Ndugu hao waliurithi kwa mama yao, na katika vizazi vya baadaye C ikapotea. Kasoro iliyotiliwa shaka ikawa ushahidi wenye nguvu kuliko wote.

Watoto wengine wawili wa mfalme walikuwa bado hawajulikani walipo. Mabaki yao yalipatikana 2007, meta 70 hivi kutoka kaburi la kwanza, na vipimo vya mitokondria, marudio na kromosomu Y vikakubaliana. Hakuna mtoto hata mmoja wa mfalme aliyenusurika.